Saa za Rubani Mkuu na Namna ya Kuziandika

Saa za rubani mkuu ni muda ambao mtu alibeba dhamana ya ndege, tangu ilipoanza kusogea ili iruke hadi iliposimama mwisho wa safari. Kushika usukani tu hakutoshi. Mwanafunzi aliye na mwalimu huandika saa za mafunzo. Akiruka peke yake, saa hizo ni za rubani mkuu.

Chukua safari ya Dar es Salaam hadi Mikumi. Njiani kuna Milima ya Uluguru, ambayo kilele chake cha Kimhandu kina zaidi ya mita 2,600, na miteremko ya mashariki hufunikwa na mawingu mara kwa mara. Rubani mchanga anaweza kuishika ndege muda wote, lakini mwenye kauli ya kuzunguka milima au kurudi ni kapteni. Saa za rubani mkuu ni za kapteni huyo.

Kishawishi cha kujiandikia saa zisizo zako hakikosekani. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya biashara hudai saa 200, zikiwemo 100 za rubani mkuu, au 150 na 70 kwa mafunzo yaliyoidhinishwa. Tena, katika ndege ya rubani mmoja ambayo nchi imelazimisha iwe na rubani msaidizi, msaidizi huyo huhesabiwa si zaidi ya nusu ya saa zake aombapo leseni ya juu. Sheria hii ni kali, ila ni ya haki. Ndege nayo ina kumbukumbu zake, na saa za kubuni hazimo humo.