Alionya kuhusu ufa, wakampuuza

MKAZI yeyote wa Pwani anaijua kazi ya kutu. Bati huanza kwa kijidoa, na kabla hujatanabahi, mvua inakunyeshea kitandani.

Lakini je, itakuwaje ikiwa kinacholiwa ni chuma cha mtambo wa nyuklia?

Swali hilo lilimshughulisha sana Henri Coriou, mtafiti wa Kifaransa katika kituo cha Saclay, karibu na Paris. Mwaka wa 1959, yeye na wenzake walitangaza jambo lililowashangaza wahandisi.

Walichukua aloi ya nikeli iitwayo Inconel 600, iliyosifika kwa kutoshika kutu. Wakaikaza na kuitia katika maji safi yenye joto la nyuzi 350. Baada ya muda, ikapasuka!

Wengi hawakumsadiki. Wengine walidai kwamba maji yake hayakuwa safi. Mitambo ikaendelea kujengwa kwa aloi hiyo hiyo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mnamo Septemba 1991, kifuniko cha mtambo mmoja wa Bugey, nchini Ufaransa, kilipatikana kikivuja.

Machi 2002 ikawa zamu ya Davis-Besse, katika jimbo la Ohio, Marekani. Maji yenye asidi ya boriki yalikuwa yamepenya katika nyufa za aloi hiyo na kukila kifuniko cha chuma chenye unene wa zaidi ya sentimeta 15. Mafundi walikuta shimo kubwa kama nanasi.

Kilichobaki kuyazuia maji ya mtambo ni utando wa chuma cha pua usiofika unene wa sentimeta moja. Kwa bahati njema, haukupasuka na hakuna aliyedhurika.

Leo, watafiti katika vyuo vikuu kama Oxford, Uingereza, na Michigan, Marekani, wanaendeleza kazi hiyo kwa hadubini za elektroni. Ncha ya ufa huo ni nyembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara. Hukata kipande chembamba mno cha aloi kwa mwale wa ayoni, kisha wakachungulia atomi zilivyojipanga.

Wameona nini? Kwamba aloi hushikana kwa punje nyingi, kama mawe katika ukuta. Oksijeni hupenya katika maungio ya punje hizo na kuyadhoofisha hata kabla ufa haujafika. Ukuta hubomoka kupitia udongo wake, si mawe yake.

Siku hizi mitambo mingi hutumia aloi 690, ambayo ina kromiamu karibu maradufu na huhimili zaidi. Hata hivyo, watafiti hawajaiacha. Bado wanaichungulia, maana walishajifunza gharama ya kukiita chuma kizima kwa sababu tu macho hayajaona ufa.