Maudhui ya Kuudhi katika Programu Huria: Kuyaondoa ni Udhibiti au Uwajibikaji?

Miradi ya programu huria inayoendeshwa na watu wa kujitolea imekuwa ikikabiliwa na swali lisilo na jibu jepesi: nini kifanyike pale programu inapobeba maneno yanayodhalilisha watu? Wapo wanaotaka yaondolewe, na wapo wanaoona kuwa kuyaondoa ni kuminya uhuru wa maoni. Ili kulielewa suala hili, ni vyema kutofautisha mambo mawili: kuacha kusambaza kitu na kukipiga marufuku.

Mfano unaofahamika ni programu ndogo iitwayo fortune, iliyokuwamo katika toleo la saba la mfumo wa Unix la mwaka 1979. Kazi yake ni kuonesha msemo mmoja kwa bahati nasibu kila mtumiaji anapoiendesha. Kadiri miaka ilivyopita, mkusanyo wake uliongezewa methali, nukuu na vichekesho, vikiwemo vya matusi na vinavyobeza jinsia au asili za watu. Semi hizo zilitengwa. Hazioneshwi mpaka mtumiaji azitake kwa amri maalumu, na katika baadhi ya matoleo maandishi yake yamefumbwa kwa kusogeza kila herufi nafasi 13, ili asiyezitaka asizisome kwa bahati mbaya.

Mradi wa Debian, ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, kwa miaka mingi uliziweka semi hizo katika kifurushi cha pekee kiitwacho fortunes-off. Aliyezihitaji alikisakinisha mwenyewe. Mradi wa FreeBSD ulikwenda mbali zaidi mwaka 2017, ulipoondoa mkusanyo wa semi katika mfumo wake na kubakiza vidokezo vya matumizi.

Wanaopinga uondoaji wana hoja nzito. Wanasema mtu mzima anao uwezo wa kuchagua anachosoma, na kwamba kipimo cha kuudhi hutofautiana baina ya mtu na mtu. Wanahofu pia kwamba anayefuta kichekesho leo anaweza kesho kufuta kitabu au maoni ya kisiasa. Kwa upande mwingine, wanaounga mkono wanaeleza kuwa maudhui yanayosambazwa kwa jina la mradi huhesabiwa kuwa kauli ya mradi. Anayejitolea bila malipo, akikuta kazi yake imewekwa pamoja na maneno yanayomtusi, hana mkataba wa kumzuia kuondoka.

Hapa ndipo leseni huria zinapoleta tofauti kubwa. Leseni hizo humruhusu mtu yeyote kunakili, kubadilisha na kusambaza programu. Hivyo, kifurushi kilichoondolewa katika orodha rasmi hakitoweki. Anayekipenda anaweza kukitunza na kukitoa mahali pengine bila kuomba kibali. Udhibiti wa dola unaweza kuambatana na adhabu kwa msomaji au mchapishaji. Mradi wa kujitolea hauna nguvu hiyo. Kinachoamuliwa ni kipi kibebe jina lake na kitunzwe kwa muda wa watu wake. Toleo la Debian 12 la mwaka 2023 lina vifurushi zaidi ya 64,000, na kila kimoja huhitaji mtu wa kukihudumia.

Hata hivyo, ukweli huo hauondoi wajibu wa kutenda haki. Mtumiaji wa kawaida hutegemea orodha rasmi, na kwake kitu kisichokuwamo ni kama hakipo. Kwa sababu hiyo, namna uamuzi unavyofikiwa ina uzito sawa na uamuzi wenyewe. Wanachama wa Debian walipitisha kanuni zao za maadili kwa kura mwaka 2014, na mkataba wao wa kijamii wa mwaka 1997 unaahidi kutoficha matatizo. Mradi wa kiini cha Linux nao ulipitisha kanuni za maadili mwaka 2018, na mabadiliko hayo yalizua mjadala mkali.

Hivyo basi, neno udhibiti halitoshi kumaliza mjadala huu, wala neno staha. Mradi unaotangaza vigezo vyake mapema, kueleza sababu za kila uamuzi na kuacha mlango wa rufaa wazi unaweza kuwalinda watu wake bila kuwanyima wengine uhuru. Unaoondoa kitu kimyakimya huzaa shaka hata pale ulipokuwa na haki ya kukiondoa.