Je, Wajua? Kiswahili Kilifika Tabora kwa Miguu

Kuanzia karne ya 12, wakulima, wachimba madini na wafanyabiashara wa Kijerumani walihamia mashariki mwa Ulaya. Kijerumani kikaota mizizi pengi walipojenga. Kiswahili kilipopanda bara hakikusubiri wahamiaji wengi hivyo, kwani Wanyamwezi, wenyeji wa eneo la Tabora, wenyewe walikifuata pwani wakarudi nacho.

Je, wajua kwamba misafara yao ya pembe za ndovu ilikuwa ikishuka pwani kabla Waarabu na Waswahili hawajajenga tembe zao Tabora? Mpagazi alijitwika frasila mbili, kilo 30 na ushei, akamfuata kirangozi, kiongozi wa msafara, kwa zaidi ya kilomita 800 kati ya Tabora na Bagamoyo. Njiani kulikuwa na kununua chakula, kuomba maji, na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi wa Ugogo. Hongo, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kubishania bei, haipunguzwi kwa ishara za mikono. Ilibidi iwepo lugha moja, na ya pwani ndiyo iliyokuwa karibu.

Je, wajua kwamba baba yake Tippu Tip, yule mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, Muhammed bin Juma, alikuwa mkwe wa Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi palipo Tabora? Alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Tippu Tip naye akapita Tabora kwenda hadi Maniema, na Kiswahili cha wafuasi wake kikaitwa Kingwana huko Kongo.

Kisha wakaja Wajerumani. Januari 1893 waliivamia ngome ya mtemi Isike wa Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti asikamatwe. Ungedhani sasa Kijerumani kingetamalaki. Wapi! Walikuta Kiswahili kimeshatangulia, wakakitumia kutawala. Maofisa wao walijifunza lugha hiyo Berlin, katika chuo kilichofunguliwa 1887, na miongoni mwa waliowahi kufundisha hapo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Kwa maoni yangu, hapo mshindi ndiye aliyekwenda shule.

Reli ilifika Tabora 1912 na kuwapokonya wapagazi kazi. Septemba 1916 majeshi ya Ubelgiji yakauteka mji. Mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wametengeneza hapo Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo na maandishi ya Kijerumani. Leo sarafu hiyo husakwa na wakusanyaji wa sarafu duniani; sokoni Tabora watu huuziana kwa Kiswahili na Kinyamwezi.