Dzaleka na Lilongwe: Mfanyabiashara atafsiri tangazo lake kwa lugha gani?

Kibao kilichoandikwa "Tunauza unga" hakina utata kwa mtu aliyekulia Uvira, Bujumbura au Kigoma. Katika soko la kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kibao kama hicho husomwa na watu wa aina mbili. Mkimbizi kutoka Kongo huelewa mara moja kuwa humo ndani mna unga. Mkulima wa kijiji jirani, ambaye lugha yake ni Kichewa, hukutana na kitenzi anachokijua kwa maana nyingine kabisa: kwao kuuza ni kuambia. Kinachoitwa kuuza kwa Kiswahili, yeye hukiita kugulitsa. Kununua ni kugula, na unga ni ufa. Akisoma "tunauza" anaweza kudhani kuna watu walioambiwa jambo fulani, akaenda zake na fedha zake mfukoni.

Makampuni makubwa ya dunia huwalipa washauri ili wawajibu swali ambalo muuza unga wa Dzaleka hulijibu peke yake, kwa rangi na brashi: tangazo liandikwe kwa lugha gani, na lugha ipi iachwe? Utafiti wa kampuni ya CSA Research uliotolewa mwaka 2020, uliohusisha wateja zaidi ya 8,700 katika nchi 29, ulionyesha kuwa asilimia 76 walipendelea kununua bidhaa yenye maelezo katika lugha yao. Asilimia 40 walisema kamwe hawanunui kwenye tovuti zilizoandikwa kwa lugha nyingine. Takwimu hizo zinahusu wanunuzi wa mtandaoni, lakini mwenye duka la turubai angezitambua bila kusomewa.

Dzaleka ipo takriban kilomita 45 kaskazini mwa Lilongwe. Ilikuwa gereza la kisiasa wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, na jina lake hufasiriwa kuwa "sitarudia tena", kauli ya mfungwa aliyekwisha kukoma. Mwaka 1994 ilifunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi, ikikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na Waethiopia na Wasomali wachache. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao. Hata majina yanashuhudia: redio ya jamii inaitwa Yetu, na tamasha la muziki na sanaa lililoanza mwaka 2014 linaitwa Tumaini.

<b>Kilichobadilika mwaka 2023</b>

Kwa miaka mingi wafanyabiashara wengi wakimbizi hawakuwa na haja ya kuwaza sana juu ya tafsiri. Walifungua maduka ya vyakula, nguo na vifaa katika mitaa ya Lilongwe, wakajifunza Kichewa kwa kusimama nyuma ya kaunta. Mteja alionyesha kwa kidole, bei ikatajwa, mazungumzo yakamalizika kwa zikomo.

Mwezi Machi 2023 serikali ya Malawi iliwataka wakimbizi wanaoishi mijini warejee Dzaleka ifikapo katikati ya mwezi Aprili. Mwezi Mei polisi walianza kuwakamata waliobaki. Maduka yalifungwa, na familia zikapelekwa kambini, baadhi zikipitia gerezani. Msingi wa kisheria ni wa zamani: Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, iliweka pingamizi juu ya vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira na uhuru wa kutembea.

Aliyerudishwa kambini hakupoteza rafu na bidhaa tu. Alipoteza uso kwa uso na mteja. Tangu hapo, anayetaka kuendelea kuuza Lilongwe hana budi kufanya hivyo kwa simu, kwa ujumbe au kupitia mtu wa kati, na kidole hakiwezi kuonyesha kitu ndani ya ujumbe. Hapo ndipo uchaguzi wa lugha unapokuwa suala la chakula cha jioni.

<b>Kuhesabu wasemaji hakutoshi</b>

Kosa la kwanza la wengi ni kuchagua lugha kwa ukubwa wake. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa mujibu wa UNESCO, kilifanywa lugha rasmi ya nne ya SADC mwaka 2019, na tangu mwaka 2022 ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika. Sifa zote hizo ni za kweli, na zote hazimsaidii mtu anayetaka kuuza sabuni mtaani Lilongwe, ambako mteja wake hajui maana ya neno "punguzo".

Kichewa, kwa upande wake, hudharauliwa kambini kuliko kinavyostahili. Baadhi ya wakimbizi hukiona kuwa lugha ya kupita, ya kutumia hadi siku ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Lakini katika sensa ya mwaka 1998, Kichewa kilikuwa lugha ya nyumbani kwa takriban asilimia 57 ya Wamalawi, na wengine karibu 13 walitaja Kinyanja, ambacho ni lugha ileile kwa jina jingine. Lugha hiyo husikika pia Lusaka na mashariki mwa Zambia, na katika mkoa wa Tete nchini Msumbiji. Katiba ya Zimbabwe ya mwaka 2013 inaitaja miongoni mwa lugha rasmi. Mfanyabiashara aliyetafsiri maelezo yake kwa Kichewa safi amevuka mipaka mitatu bila kutoka Dowa, ingawa yeye mwenyewe anahitaji kibali hata kwenda Lilongwe.

Kiingereza kina nafasi yake, tena nyembamba kuliko inavyodhaniwa. Ni lugha ya leseni, zabuni, benki na mashirika. Kikundi cha washonaji wa kambini kinachotaka kuuza mikoba ya kitenge kwa hoteli za Lilongwe au kwa wanunuzi wa ng'ambo hakina njia nyingine. Vijana waliojifunza kutengeneza programu za kompyuta huko Dzaleka nao huomba kazi kwa Kiingereza. Hata tamasha la Tumaini, lenye jina la Kiswahili, huwaalika wageni kwa Kiingereza, kisha wageni hao hulala katika nyumba za wakimbizi na kusalimiwa kwa lugha wasizozijua. Mpangilio huo unafaa kwa sababu kila lugha imepewa kazi yake.

Kinyarwanda na Kirundi hukaribiana kiasi kwamba mwenye bajeti ndogo anaweza kutoa maelezo kwa lugha moja na msemaji wa nyingine akaelewa kwa sehemu kubwa. Kifaransa kinabaki kuwa lugha ya vyeti vya Wakongo. Mtu husoma cheti kwa Kifaransa na kununua dagaa kwa Kiswahili.

<b>Kiswahili cha nani?</b>

Swali gumu zaidi huja baada ya lugha kuchaguliwa. Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam humwandikia mteja "ankara", "mtaji" na "huduma kwa wateja". Msomaji kutoka Kivu, aliyezoea kuita fedha makuta na kuchanganya maneno ya Kifaransa katika biashara, atakisoma kama mtu anayesoma barua ya serikali: ataheshimu, pengine hatanunua. Tangazo lililojaa maneno ya Kivu nalo litamshangaza Mrundi aliyesoma Kiswahili shuleni. Njia inayofaa ni ya katikati: sentensi fupi, maneno ya sokoni, na istilahi ya fedha ielezwe mara moja kwa mfano wa kwacha.

Istilahi za fedha ndizo zenye hatari kubwa. Kwa Kichewa, mtaji ni mpamba, neno ambalo kampuni ya simu ya TNM imelifanya jina la huduma yake ya fedha. Deni ni ngongole. Mkopo wa mtaani wenye riba kubwa huitwa katapila, ilhali kikundi cha kuweka na kukopa ni banki mkhonde, ndugu wa vikoba vya Tanzania. Mtafsiri asiyejua tofauti hiyo anaweza kukiita kikundi cha akiba kwa jina linalomkumbusha mteja mkopeshaji aliyemnyang'anya godoro. Hapana ufasaha utakaomrudisha mteja huyo.

Tafsiri ya mashine imepunguza gharama, si hatari. Google Translate iliongeza Kichewa mwaka 2014, Kinyarwanda mwaka 2020, Kilingala mwaka 2022 na Kirundi mwaka 2024. Hata hivyo, mashine haiulizi muktadha. Kiswahili hutenga mpunga wa shambani, mchele wa dukani na wali wa sahani. Kichewa huita vyote mpunga. Orodha ya bei iliyotafsiriwa bila macho ya binadamu inaweza kumwahidi mteja wa Kiswahili gunia la mpunga usiokobolewa kwa bei ya mchele, na ugomvi ukaanzia hapo.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana siku ya kwanza. Tangazo la Kichewa huleta maswali ya Kichewa: mzigo utafika lini, ukiharibika nani atalipa? Muuzaji asiye na mtu wa kujibu kwa lugha hiyo amejifungia mlango alioufungua mwenyewe. Ndiyo maana wenye uzoefu hutafsiri vitu vitatu kwanza, yaani bei, namna ya kulipa na namna ya kurudisha bidhaa, na huacha historia ya kampuni ibaki katika lugha moja. Asiye na fedha za mtafsiri hurekodi ujumbe wa sauti, kwa kuwa wateja wengi husikiliza kwa wepesi kuliko wanavyosoma, na jirani wa Dowa anayezaliwa na Kichewa chake anaweza kuurekodi kwa malipo ya pakiti moja ya sukari.

Na kibao cha unga kina nafasi ya mistari miwili. Juu kinaweza kubaki "Tunauza unga" kwa ajili ya jirani wa hema la pili. Chini, kwa herufi kubwa zaidi kwa sababu anayepita barabarani yuko mbali, "Tikugulitsa ufa", pamoja na bei kwa kwacha.