Bangi Marekani: jimbo likiruhusu, je, na wewe umeruhusiwa?

Kina mama wengi waliohamia Marekani huniuliza swali hili: "Dada nesi, duka la bangi liko wazi barabarani na polisi wanapita tu. Si maana yake ni halali?" Jibu fupi ni kwamba ruhusa hiyo ni ya jimbo. Serikali kuu haijaitoa, na kama wewe si raia, mambo yako ya uhamiaji yako mikononi mwa serikali kuu.

Sheria mbili, kitu kimoja

Kila jimbo la Marekani hutunga sheria zake. California iliruhusu bangi kwa wagonjwa mwaka 1996. Mwaka 2012 wapiga kura wa Colorado na wa jimbo la Washington waliiruhusu kwa watu wazima hata bila ugonjwa. Kufikia mwisho wa 2024, majimbo 24 yalikuwa yameruhusu hivyo kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Mengine huruhusu kwa wagonjwa tu. Machache, kama Idaho, yanakataza kabisa.

Juu ya hizo zote ipo sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 inayodhibiti dawa za kulevya, na bangi imo.

Chukua mfano wa Boise, Idaho, ambako wanaishi Wakongo wengi. Ukiendesha gari kama saa moja unafika Ontario, Oregon, ambako bangi huuzwa dukani. Ukirudi nayo Boise umevunja sheria ya Idaho, na kwa kuvuka mpaka wa jimbo umevunja pia ya serikali kuu. Risiti ya duka haitakusaidia.

Kama bado hujawa raia

Tangu Aprili 2019, mwongozo wa idara ya uhamiaji unasema wazi kwamba mambo ya bangi yanaweza kukunyima uraia hata kama jimbo lako linayaruhusu. Kazi ya kulima, kufungasha au kuuza bangi imo pia. Kukiri tu kwamba umetumia kunaweza kukuletea shida, hata kama hujawahi kushtakiwa, na cheti cha mgonjwa cha jimbo hakibadilishi hili. Mimi ni muuguzi, si wakili. Kwa hiyo, kama wewe au mtu wa nyumbani kwako ameitumia au amefanya kazi hiyo, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu au kusafiri nje ya nchi.

Nyumba zinazolipiwa kwa msaada wa serikali kuu pia hufuata sheria yake. Familia inaweza kukataliwa au kutolewa kwa sababu ya bangi.

Ujauzito na kunyonyesha

Halali haina maana ya salama. Bangi humfikia mtoto tumboni, na huhusishwa na kuzaliwa na uzito mdogo. Huingia pia katika maziwa ya mama na kukaa humo kwa siku kadhaa, hivyo kukamua na kumwaga maziwa hakutoshi. Ukisumbuliwa na kichefuchefu, mwambie mkunga au daktari. Zipo dawa nyingine.

Pipi ambazo si pipi

Bangi huuzwa pia kama keki, chokoleti na pipi laini. Colorado, kwa mfano, pakiti moja inaweza kuwa na kipimo cha watu wazima 10. Mtoto hajui hilo, ataila yote. Dalili zinaweza kuchelewa hadi saa mbili au zaidi: usingizi mzito, kuyumba, kutapika, kupumua kwa shida.

- Kama mtoto haamki, anapumua vibaya au ana degedege, piga 911.
- Kama bado yuko macho, piga kituo cha sumu, 1-800-222-1222, mchana au usiku. Ni bure, na unaweza kuomba mkalimani.
- Waambie kweli amekula nini, na uwe na pakiti mkononi.

Usichelewe kwa kuogopa sheria. Daktari akijua mapema, humtibu mtoto vizuri zaidi.

Ndugu au mpangaji akiwa nayo nyumbani, mwambie aifungie kwa kufuli, mahali pa juu, mbali na mkoba wa mtoto na kabati la chakula.