Sydney: Mtembea kwa miguu anaposimamishwa na polisi

Katika barabara ya George, katikati ya mji wa Sydney, taa yenye umbo la mtu mwekundu inapowaka, mtembea kwa miguu hana budi kusimama, hata kama haoni gari. Anayevuka anaweza kusimamishwa na polisi na kupewa faini ya papo kwa papo. Kosa lenyewe ni dogo. Lakini dakika chache zinazofuata ndizo huamua iwapo jambo litaishia kwenye karatasi ya faini au katika kituo cha polisi.

Sheria yasemaje

Kwa mujibu wa Kanuni za Barabarani za mwaka 2014 za jimbo la New South Wales, mtu huanza kuvuka taa ikiwa ya kijani tu. Aliyekwisha kuingia barabarani, kisha taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzimika, anaruhusiwa kumaliza kuvuka. Kwa kawaida pia hairuhusiwi kuvuka ndani ya mita 20 kutoka kwenye kivuko.

Hatari si ya kufikirika. Magari ya Australia hupita upande wa kushoto, kama ilivyo Kenya, Tanzania na Uganda. Mgeni aliyetoka Congo, Burundi au Rwanda amezoea kinyume chake, na huenda akatazama upande usio na gari.

Wajibu wa polisi

Sheria ya jimbo hilo ya mwaka 2002 kuhusu mamlaka ya polisi humtaka askari anayetumia madaraka yake ataje jina, kituo chake na sababu ya hatua anayochukua. Anaweza kutoa onyo badala ya faini. Kumkamata mtu kunaruhusiwa pale tu panapokuwa na haja, kwa mfano asipotambulika.

Mwaka huo huo wa 2002, Mahakama Kuu ya jimbo ilieleza kuwa haifai kumkamata mtu kwa kosa dogo ikiwa jina na anwani yake vinajulikana na hakuna dalili kwamba atatoroka. Shauri hilo lilianzia kwenye maneno ya matusi, likaishia kwa mashtaka ya kukaidi na kushambulia polisi.

Wajibu wa raia

Aliyesimamishwa anashauriwa kutaja jina na anwani za kweli. Akikataa au akidanganya, yeye mwenyewe humpa askari sababu ya kumkamata. Halazimiki kujieleza zaidi ya hapo, wala kukiri kosa. Asiyejua Kiingereza anaweza kuomba mkalimani kupitia huduma ya serikali ya simu nambari 131 450.

Asiyeridhika na faini anaweza kuomba ipitiwe upya au kwenda mahakamani. Malalamiko kuhusu mwenendo wa askari hupelekwa kwa polisi wenyewe au kwa tume huru ya jimbo, iliyoanza kazi Julai 2017.

Njia hizo si za bure matokeo. Mjini Melbourne, vijana wenye asili ya Afrika waliodai kusimamishwa mara kwa mara kwa sababu ya rangi yao walilipeleka suala hilo mahakamani. Shauri lao lilimalizika kwa mapatano Februari 2013, na polisi wa jimbo la Victoria wakakubali kuchunguza upya utaratibu wao wa kuwasimamisha watu.

Barabarani, basi, utulivu haumaanishi kukubali kosa. Mahali pa kubishana ni mbele ya hakimu.