Vita vya Mezani na Swali la Mjukuu



Mhariri wa Kitabu chetu cha Mwaka aliniomba niandike juu ya watoto wetu wanaokulia ugenini, nami nikamwahidi makala ya nasaha, kama ilivyo desturi ya walimu waliostaafu. Nasaha nilikuwa nazo tele. Lakini mwaka jana nilikaa miezi miwili kwa mwanangu Huangpu, upande wa mashariki wa mji wa Guangzhou, China, na huko nikaingia vitani pamoja na mjukuu wangu wa miaka 12. Tulishindwa, na kosa lilikuwa langu. Nasaha nimeziweka kando. Nitakusimulieni vita hivyo.

Huangpu ni mahali pa mto na meli. Zamani merikebu za Ulaya zilizofuata chai na hariri zilitia nanga hapo, na mpaka leo makontena yamepangwa kandokando ya Mto wa Lulu kama vibiriti dukani. Mwanangu anasimamia upakiaji wa bidhaa za wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Mombasa. Katikati ya mto kipo kisiwa cha Changzhou, na hapo ndipo ilipo ile skuli ya kijeshi aliyoifungua Sun Yat-sen mwaka 1924, mkuu wake wa kwanza akiwa Chiang Kai-shek, na Zhou Enlai naye akifanya kazi humo. Vijana waliokaa darasa moja hapo baadaye walikuja kupigana wao kwa wao. Ndege za Kijapani ziliibomoa kwa mabomu mwaka 1938, na majengo yanayoonekana leo yalijengwa upya mwaka 1996. Nilipelekwa kuitazama wiki ya kwanza, kwa hiyo habari za vita zilikuwa kichwani mwangu tangu mwanzo.

Nyumbani nako nilikuta vita. Juu ya meza ya kulia palikuwa na masanamu ya askari, kila mmoja urefu wake hauzidi ukucha wa kidole gumba, na mjukuu wangu akiwapaka rangi kwa brashi nyembamba kama kope. Mimi niliyelelewa chuoni, nikafundishwa kwamba masanamu ni vitu vya kujiepusha navyo, sikufurahi. Nikamwambia baba yake, "Mtoto huyu Kiswahili chake kinachechemea, na wewe unamnunulia masanamu?" Mwanangu akanijibu kwa adabu, "Baba, kaa naye siku moja uone anachokisoma." Nikakaa. Siku moja ikawa kila siku.

Michezo ya namna hii haikuanza jana. Katika nchi ya Prussia, afisa mmjoa kijana aliyeitwa von Reisswitz alitoa mwaka 1824 mchezo wa vita wa kuwafundishia maafisa, akiendeleza kazi aliyoianza baba yake, na jeshi likauchukua. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells aliandika kitabu cha kuwafundisha watu kupiga vita vya askari wa bandia sakafuni. Mchezo wa mjukuu wangu unaitwa De Bellis Antiquitatis, maana yake ni juu ya vita vya kale, nao ulitolewa Uingereza mwaka 1990.

Sheria zake ni chache, na mtu aliyezoea bao haimchukui siku nyingi kuzifahamu. Kila upande una vikosi 12. Zamu yako ikifika unatupa dadu, na namba iliyotoka ndiyo idadi ya amri unazoweza kutoa. Vikosi vilivyoshikamana mstari mmoja huenda kwa amri moja. Vikitawanyika, kila kimoja kinataka amri yake. Vikosi viwili vikikutana, kila mchezaji hutupa dadu na kuongeza nguvu ya kikosi chake. Aliyepungukiwa aghalabu hurudi nyuma. Aliyezidiwa maradufu aghalabu huondolewa mezani. Na kikosi kikishindwa huku adui amekigusa ubavuni, hakina pa kurudi. Hufa hapo hapo. Ukipoteza vikosi vinne na mwenzako amepoteza vichache kuliko wewe, kwisha habari yako.

Sasa sikilizeni jeshi alilolichagua. Kulikuwa na Warumi, Wamisri wa kale, Wamongolia. Yeye alichagua Wazanji, wale walioasi kusini ya Iraki kuanzia mwaka 869 mpaka 883. Wengi wao walikuwa watumwa waliofanyizwa kazi ya kukwangua chumvi juu ya ardhi karibu na Basra ili ardhi ipate kulimika. Kiongozi wao, Ali bin Muhammad, hakuwa Mzanji; aliwaahidi uhuru na mali, wakamfuata, wakajenga mji wao wakauita al-Mukhtara, na mwaka 871 wakaiteka Basra na kuitia moto. Miaka kumi na minne dola ya khalifa ilihangaika nao, kwa sababu walipigana ndani ya mifereji na vinamasi ambamo farasi hazama tu. Mwisho al-Muwaffaq, nduguye khalifa, aliwavunja. Habari zao aliziandika al-Tabari kwa urefu, naye hakuwapenda hata kidogo. Wanahistoria wanabishana ni wangapi kati yao waliotoka kweli pwani yetu, na inajulikana pia kwamba waasi hao nao walishika watumwa. Lakini jina ni letu. Kisiwa tulichozaliwa kimelichukua jina hilo la Zanj.

Mtoto alikuwa akimpaka rangi jemadari wake aliponiuliza, bila ya kunyanyua uso, "Babu, sisi tunatoka kwa hawa?"

Nikamwambia, "Maliza kupaka, bwana. Rangi inakauka."

Mtu aliyesomesha jiografia na historia miaka 31, Unguja kwanza kisha Muscat, aliulizwa swali na mwanafunzi akalikwepa. Nililala nalo usiku ule.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, ukumbini juu ya duka la chai. Walikuja wachezaji 16, na michezo ilikuwa minne, ukishinda unapambanishwa na aliyeshinda. Mtoto wa umri wake alitakiwa afuatane na mtu mzima katika meza moja. Baba yake alikuwa ndiye, lakini asubuhi ile simu ililia: kontena limekwama, lazima aende. Mjukuu wangu akanitazama. Nikavaa kofia yangu tukaondoka.

Mchezo wa kwanza tulishindwa upesi na kijana mwenye magari ya farasi. Wa pili tukashinda, na wa tatu pia, na mara zote mbili nilikuwa mtupa dadu tu. Yeye ndiye aliyeamua. Mbinu yake ilikuwa moja. Alikiweka kinamasi karibu na katikati ya meza kila aliporuhusiwa na sheria, akawapanga watu wake wepesi ukingoni, ndani, akangoja. Farasi na watu wa mikuki iliyopangwa safu wakiingia kwenye tope hupunguziwa mbili katika nguvu zao. Watu wepesi hawapunguziwi kitu. Na kikosi kilichotulia hakihitaji amri. Dadu ikitoa moja, haikudhuru.

Mchezo wa nne tulikutana na mzee wa makamo yangu, fundi mstaafu wa karakana ya meli, ambaye vidole vyake vilikuwa na makovu ya moto wa kuunganishia chuma, na askari wake walipakwa rangi kwa utulivu wa ajabu. Jeshi lake lilikuwa la nasaba ya Tang. Tuliamkiana kwa mikono na tabasamu, mtoto akitutafsiria. Mzee akauliza hawa wetu ni nani na wa mwaka gani. Mtoto akamweleza kwa Kichina, maneno mengi, na mara mbili nikalisikia neno Basra.

Mzee akatikisa kichwa, akasema kitu, na mjukuu wangu akanigeukia: "Babu, anasema wakati huo huo huku kwao palikuwa na waasi pia. Huang Chao. Waliuteka mji huu huu wa Guangzhou mwaka 879."

Nikakumbuka. Waarabu wakiuita mji huu Khanfu, na Abu Zayd wa Siraf aliandika kwamba wageni waliouawa humo walikuwa 120,000, idadi ambayo wataalamu wanaitilia shaka, ingawa mauaji yenyewe yalikuwa makubwa. Basra mwaka 871 na Guangzhou mwaka 879: ncha mbili za safari moja ya jahazi, zimeungua kwa kupishana miaka minane. Tarehe hizo mbili nilikuwa nazijua, wala sijapata kuziweka pamoja mpaka siku ile, mbele ya fundi wa meli na mtoto wa miaka 12.

Vita vikaanza. Mzee alileta farasi wake mpaka ukingo wa kinamasi, akasita. Sisi tukatulia. Akarudi, akaja tena. Kikosi chake kimoja kikaingia topeni kikafa. Cha pili kikafa. Nikaanza kupata joto la mchezo. Katika zamu ya sita aliwavuta farasi wake nyuma, wakabaki wamepinda vibaya, na kimoja kikaachwa peke yake kama kete iliyosahauliwa.

Ndugu zangu mliocheza bao mnajua. Kwenye bao, ukiwa na pa kula, huna hiari. Sheria inakulazimisha ule. Miaka hamsini mkono wangu umezoea hivyo. Nikasema, "Toka! Wafuate!"

Mtoto akasema, "Babu, tungoje."

Nikamwambia kwa sauti ile ya darasani, "Nenda, nakwambia."

Akanitazama kidogo, akatii. Alinitii kwa heshima, si kwa kuamini, na mimi niliijua tofauti hiyo nikajifanya siijui. Dadu ilikuwa tano. Tukatoa vikosi vitano uwandani. Tukakipiga kile kilichobaki peke yake, kikarudi nyuma tu, hakikufa. Zamu ya mzee ikaja. Akapata sita, akawageuza farasi wake wote, wawili wakaingia ubavuni mwetu. Viwili vyetu vikafa. Tukatupa dadu yetu: moja. Vikosi vitatu vimetawanyika, amri moja! Tuliokoa kimoja. Zamu iliyofuata mzee akachukua viwili vingine, vikawa vinne kwa viwili, na mchezo ukaisha.

Mzee alisimama akampa mtoto mkono kwanza, kisha mimi. Akasema neno, na mjukuu wangu hakutaka kulitafsiri. Nikamshikilia. Akasema, "Anasema nilipanga vizuri." Nikafahamu lililobakia. Tulikuwa wa tisa katika kumi na sita.

Njiani hakunilaumu. Hilo ndilo lililoniuma. Nikamwambia, "Kosa lilikuwa langu. Wewe ulijua, mimi nikakuamrisha." Akasema kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Si kitu, Babu. Mara ingine tunakaa matope." Nilicheka mpaka watu wa kwenye treni wakatutazama.

Siku ya pili tulikwenda hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, liitwalo Nanhai Shenmiao, lenye stesheni yake katika njia namba 13. Lilianzishwa mwaka 594, na mabaharia walikuwa wakipita hapo kabla ya kwenda baharini. Ndani yake imo sanamu ya mgeni mmoja aliyeweka mkono juu ya macho, anaangalia upande wa bahari. Hadithi yao inasema alikuja na meli kutoka nchi za magharibi, akashuka kupanda mbegu za mfenesi, na meli ikamwacha. Akasimama akiitazama bahari mpaka akafa. Watu wa Huangpu hawakumwita mtumwa wala mtoro. Walimvisha nguo zao wakamweka ndani ya hekalu.

Hapo ndipo nilipomjibu mtoto. Nilimwambia sijui kama tunatoka kwa wale wa Basra, wala hakuna awezaye kujua. Lakini bibi aliyemzaa babu yangu aliletwa Unguja kutoka bara akiwa mtoto, akanunuliwa, akawa suria katika nyumba ya mzee wetu. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Babu yangu alizaliwa katikati ya miaka hiyo. Na katika shajara iliyotundikwa sebuleni kwetu, inayoanzia Hadhramaut, jina la bibi huyo halimo. Mimi mwenyewe nililinakili shajara hilo kwa hati nzuri mwaka 1988, na nikaliruka.

Mtoto aliuliza, "Jina lake unalijua?" Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, apate kulikamata.

Kila mwaka Kitabu hiki kinachapisha mashajara ya familia zetu, na nimeyasoma yote. Yamejaa mababa. Siwaambii wenzangu la kufanya, maana nilikwisha toa amri moja mbaya mbele ya mtoto. Nasema tu kwamba safari hii nimemletea Mhariri shajara letu upya, lina jina moja zaidi, na hati iliyoliandika si yangu. Ni ya mjukuu wangu, kwa brashi ile ile ya kupakia askari.